Koki ya jikoni kwenye nyumba ya zamani: nibadilishe koki au nibomoe ukuta?

*"Nimehamia kwenye nyumba aliyotuachia baba, Shangani hapa Mtwara. Ni nyumba ya siku nyingi, mabomba ni ya chuma na yamepita ndani ya ukuta. Koki ya jikoni inadondosha maji usiku kucha, nikifungulia yanatoka kwa kusuasua, na asubuhi yanakuja na rangi ya chai. Fundi wa kwanza kaniambia koki ikiguswa tu bomba litakatikia ukutani, kwa hiyo nibomoe niweke mabomba ya plastiki nyumba nzima. Wa pili kasema ni kazi ya nusu saa, anang'oa anaweka nyingine. Kaka yangu wa Dar amenitumia miksa nzuri ya shingo ndefu, ile yenye mpira wa kuvuta. Maji ya ndani yanatoka kwenye simtanki iliyo juu ya mnara nyuma ya nyumba. Nimsikilize nani?"*

Pole dada, na hongera kwa kuuliza kabla nyundo haijagusa ukuta. Mafundi wako wote wawili wamesema kitu cha kweli, ila kila mmoja kakwambia ile nusu inayomletea kazi anayoipenda. Wa kwanza anajua hatari ilipo, akaikuza mpaka ikawa mradi wa miezi. Wa pili anajua kazi yenyewe ni ndogo, lakini hakukueleza nini kitatokea kama bomba litakataa.

Tuanze kwa kuyatenganisha mambo matatu uliyoyafunga pamoja: kudondosha, kusuasua na rangi. Yanatoka kwenye koki moja, kweli, lakini hayana chanzo kimoja, na koki mpya itakuponya moja tu kati ya hayo.

Kudondosha ndiko rahisi kuliko yote. Kama koki yako ni ya kizamani, ile unayoizungusha mara mbili tatu ndipo ifunge, ndani yake kuna kipande cha mpira tunachokiita washa, kinachokandamizwa juu ya mdomo mdogo wa shaba. Ukiifunga, mpira unaziba mdomo. Miaka ikipita mpira unakakamaa na kuchimbika, maji yanapata njia, nawe unazidi kukaza mkono, jambo linaloumaliza mpira haraka zaidi. Dawa ni kufunga maji, kufungua kichwa cha koki, kutoa washa iliyochoka na kuweka nyingine. Washa ni kitu cha bei ya maandazi. Fundi akichungulia akaona ule mdomo wa shaba nao umechimbika, kuna kifaa cha kuusaga ukae sawa. Asipousaga, washa mpya haitadumu. Kama maji yanavujia chini ya mkono wa koki wakati iko wazi, hapo pa kushughulikia ni pakingi, yaani kizibo laini kinachouzunguka mti wa koki, ile nondo inayozungushwa na mkono, na pakingi nayo ni kitu kidogo.

Hebu angalia jambo ambalo hakuna fundi wako hata mmoja aliyelitaja: kazi yote hiyo inafanyika huku mwili wa koki umebaki palepale ukutani. Haung'olewi wala hauzungushwi. Sharti ni moja, fundi ashike mwili wa koki kwa spana moja wakati anafungua kichwa kwa spana ya pili, ili nguvu ya mkono wake isifike kwenye bomba. Kama shida yako kubwa ni ile sauti ya matone usiku, anzia hapo.

Kusuasua ni habari nyingine. Chukua ndoo ya lita 10, ijaze kwenye koki ya jikoni huku ukiangalia saa. Kisha ijaze kwenye koki iliyo karibu zaidi na tanki, ya nje au ya bafuni, mradi nayo inalishwa na tanki hilohilo. Zikijaa kwa muda unaokaribiana, tatizo si bomba la jikoni, ni msukumo mdogo wa tanki lako. Jikoni ikichelewa sana, njia ya kwenda jikoni imeziba. Kabla hujailaumu njia, angalia kama mdomo wa koki una kichujio cha wavu. Kifungue, kioshe, jaribu tena. Nimeona watu wakinunua pampu kumbe wavu umejaa chembe za kutu.

Kuhusu msukumo wa tanki kuna imani moja imeenea sana, kwamba tanki kubwa hutoa maji kwa nguvu zaidi. Sivyo. Lita 1,000 au lita 5,000, kinachosukuma maji ni kimo, yaani urefu kutoka uso wa maji tankini mpaka kwenye mdomo wa koki. Msukumo hupimwa kwa bar, na kila mita 10 za kimo hukupa takriban bar 1. Mnara wako ukiwa umeyainua maji mita nne juu ya koki, una bar 0.4, na tanki likikaribia kuisha zinapungua. Kwa koki ya kawaida yenye njia pana, bar 0.4 zinatosha kuosha vyombo bila kulalamika.

Kwa miksa ya kaka yako, hapana. Samahani kwake, najua katuma kwa mapenzi. Zile za shingo ndefu zenye mpira wa kuvuta zina mipira myembamba, vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi nyuma, na kichwa cha matundu madogo madogo. Nyingi zimeundwa kwa nyumba zinazopata kama bar 1 au zaidi. Soma sanduku lake, mara nyingi msukumo wa chini unaotakiwa umeandikwa. Ukiifunga chini ya mnara mfupi itatoa uzi wa maji, na utasema mabomba ndiyo mabaya. Isitoshe inakaa juu ya sinki au meza kwenye tundu la takriban milimita 35, wakati bomba lako linatoka ukutani, kwa hiyo utatoboa sinki na kulishusha bomba chini. Na kama jikoni huna maji ya moto, ule mguu wa pili wa miksa, wa maji ya moto, hauachwi ukining'inia wazi: ukiweka mkono wa miksa katikati, maji baridi yanaweza kupita ndani na kutokea huko, kabatini. Unazibwa kwa kifuniko cha kukaza, au miguu yote miwili inalishwa maji baridi kwa tii.

Sasa rangi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ilipo siri ya nyumba yako.

Mji wa Mtwara tunaoujua ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati Waingereza walipokuja na mradi wa karanga na kutaka bandari ya kina kirefu. Nyumba za wakati ule, na nyingi zilizofuata kwa miaka mingi, ziliwekewa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Zinki imewekwa pale ili iliwe. Maji na hewa vinaishambulia yenyewe kwanza, chuma kilicho chini yake kinasalimika. Zinki ikiisha, zamu inakuwa ya chuma, na kutu ya chuma ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inavimba ndani ya bomba kama vichuguu, njia inazidi kuwa nyembamba. Ukikata bomba la nusu inchi la umri huo unaweza kukuta tundu ambalo penseli inapita kwa tabu, na huku nje bomba linang'aa vizuri tu.

Mgao wa maji unaongeza kasi. Bomba likiwa limejaa maji muda wote, hewa inayofika kwenye chuma ni kidogo. Tanki likikauka, hewa inaingia hadi ndani, ukuta wa bomba ulio na unyevu unapata kila unachohitaji ili kushika kutu, na maji yakirudi kwa kishindo yanabandua vile vichuguu na kukuletea jikoni. Ndiyo maana rangi inakuja asubuhi, baada ya maji kulala bombani, au siku ya kwanza baada ya mgao. Lakini usiamini maneno yangu bila kupima: kinga maji kwenye glasi pale yanapoingia kutoka kwenye mita, na nyingine jikoni. Kama hata kwenye mita yana rangi, hilo si la nyumba yako, lipeleke MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara.

Kutu yenyewe haiui mtu, hasara yake kubwa ni nguo nyeupe na ladha ya chai. Ninachokusihi ni hiki: koki na viungio vya shaba vya zamani viliwekewa risasi, madini yenye sumu, ndani ya mchanganyiko wake, na maji yaliyolala humo usiku mzima yanaweza kubeba kidogo. Kuchemsha hakuiondoi. Maji ya kwanza ya asubuhi yatumie kudekia au kumwagilia, ya kunywa na ya uji wa watoto kinga baada ya hapo.

Hofu ya fundi wa kwanza ina msingi gani? Ina msingi kamili, na inahusu sehemu yenye urefu wa kama sentimita mbili. Ili bomba la chuma liungwe, mwisho wake unakatwa uzi, yaani mistari ya kukazia kama ya skrubu. Kukata uzi kunaondoa zinki na kunapunguza unene wa chuma. Juu ya uzi huo ikafungwa koki ya shaba, na shaba ikikutana na chuma ndani ya maji, chuma ndicho kinacholiwa. Ongeza hewa ya chumvi ya Shangani kwa nje. Kwa hiyo mahali hasa ambapo koki inaingia kwenye bomba ndipo penye udhaifu kuliko kwingine kote. Fundi akiweka paipu renchi kwenye koki na kuvuta kwa uzito wa mwili, si koki inayofunguka, ni bomba linalojipinda ndani ya plasta, na linakatikia kwenye kiungio ambacho hukioni.

Lakini koki hizi hung'oka salama ikiwa fundi ana subira. Kwanza abanjue plasta kidogo kuzunguka shina la koki mpaka aone imeingia kwenye nini, elbo (kiungio cha kona) au soketi (kiungio kilichonyooka). Ukutani patabaki tundu la kuzibwa kwa kiganja cha saruji, hilo si kubomoa nyumba. Asugue kutu kwa brashi ya waya, apake mafuta ya kulegeza kutu jioni, aondoke. Ndiyo, aondoke. Arudi asubuhi, apake tena. Halafu renchi moja ishike elbo isisogee hata kidogo, na spana ya pili izungushe koki. Aanze kwa kukaza, mguso mdogo tu, ili kutu ivunjike, ndipo ageuze kufungua. Akiona elbo inazunguka pamoja na koki, asimame hapohapo.

Koki ikikatika na kuacha kipande cha uzi ndani ya elbo, bado si msiba. Fundi mzoefu anachukua kipande cha msumeno wa chuma, anachanja kile kipande kwa ndani bila kugusa uzi wa elbo, anakikunja na kukitoa. Ni kazi ya polepole, usimharakishe kwa kumsimamia na maswali.

Uzi ukishakuwa wazi, hapa kuna habari njema: nusu inchi waliyoiweka Waingereza ni nusu inchi ileile inayouzwa madukani leo. Hutahangaika kutafuta saizi. Kabla ya kufunga chochote afungulie maji kidogo yamwagike kwenye ndoo mpaka yatoke masafi, kwa sababu kutetereka kote huko kumebandua kutu. Hatua hii mafundi wengi wanairuka, na ndiyo inayoua koki mpya za kufunga kwa robo mzunguko: ndani zina visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, na chembe moja ya kutu inatosha kuvikwaruza. Ukweli ni kwamba kwa nyumba ya mabomba ya chuma bado naipenda koki ya washa. Haina fahari, ila ikiharibika unaitengeneza.

Kwenye uzi mpya na laini, tepu nyeupe inatosha, izungushwe kufuata upande wa kukazia, mizunguko ya kutosha, kama kumi hivi kwa uzi uliolegea. Kwenye uzi wa zamani uliochimbika, tepu inachanika. Hapo turudi kwenye nyuzi za katani zilizopakwa dawa ya kuungia, kitu ambacho mtu wa Lindi hahitaji kutambulishwa. Katani ikilowa inavimba na kujaza mashimo. Akishakaza asirudishe nyuma hata robo ili koki ikae wima. Akirudisha itavuja, aifungue aanze upya. Na mwambie kati ya ukuta na koki aweke valvu ndogo ya mpini. Siku nyingine ukibadilisha washa, utafunga hapo tu, nyumba nzima haitakosa maji.

Unaponunua koki, ishike mkononi. Ya shaba ni nzito. Chungulia mahali uzi unapoanzia ambapo kromu haikufika, ukwaruze kidogo kwa msumari: ukiona njano, ni shaba, ukiona kijivu hafifu, ni zile za zinki iliyomiminwa, na karibu na bahari zinatoka malengelenge na kukatika shingo mapema. Ile ya plastiki nzito ni bora kuliko hii ya kijivu, ingawa haipendezi machoni.

Tuje kwenye uamuzi. Kubomoa nyumba nzima sasa hivi sikushauri. Kubadilisha mabomba yote kunafaa pale unapoona madoa ya maji kwenye kuta zaidi ya moja, au tanki linapungua bila mtu kutumia. Hili la mwisho lipime mwenyewe ukishaponya hiyo koki inayodondosha: jaza tanki usiku, funga maji yanayoingia, weka alama kwenye kimo cha maji, angalia alfajiri kabla mtu hajanawa uso. Alama ikibaki palepale, mabomba yako yamezeeka lakini yanashika maji, unaweza kujipanga kwa nafasi yako.

Ninachokushauri, kama ndoo imeonyesha jikoni ndiko kulikoziba, ni njia ya katikati: bomba moja jipya la PPR, aina ya plastiki ngumu, kutoka tankini moja kwa moja mpaka jikoni, likipita juu ya ukuta wa nje na kuingia kwa tundu moja. Kwa kuwa tanki lako liko nyuma, na majiko ya nyumba nyingi za aina hiyo nayo yako nyuma, huenda ni mita chache tu. Bomba la zamani la jikoni linazibwa mwisho wake kwa plagi na kuachwa lilale ukutani. Kusuasua na rangi vinaondoka kwa pamoja, ukuta haubomolewi. Angalia usiuziwe milimita 20 tangu tankini: namba hiyo ni upana wa nje, na PPR ina ukuta mnene, tundu la ndani linabaki kama milimita 13, dogo kuliko la bomba la chuma la nusu inchi likiwa jipya. Kwa msukumo mdogo kama wako, peleka la milimita 25 mpaka jikoni, upunguze mwishoni. Sehemu inayopigwa na jua ipakwe rangi au ifunikwe, jua letu linaichosha plastiki.

Kuna jambo moja halingoji hata ukiamua kutogusa mabomba. Nyumba za zamani, baadhi yake, waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ulifungwa kwenye bomba la maji la chuma, kwa kuwa bomba lilizama ardhini. Siku fundi bomba atakapokata kipande na kuweka plastiki, ethi ya nyumba inakatika kimyakimya, taa zinawaka kama kawaida, lakini friji ikipata hitilafu umeme unakosa pa kwenda. Kabla ya bomba lolote la chuma kukatwa, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akague kama kuna waya wa kijani uliofungwa kwenye bomba, na kama upo aweke fimbo ya ethi ardhini kwanza. Na ukiwahi kugusa koki ukahisi kama umechomwa na sindano, usiseme ni mwili wako. Zima swichi kuu, mwite leo hiyohiyo.

Mwite fundi pia, usijaribu mwenyewe, ikiwa valvu ya kufungia maji ya ndani ni lile geti la zamani lenye gurudumu na halijaguswa miaka. Mti wake ukikatika wakati liko wazi, huna pa kufungia. Katika nyumba yako waweza kuikwepa shida hiyo kwa kufanya kazi siku ambayo tanki limeachwa likaisha. Ila ile valvu iliyo kabla ya mita si yako, hata ikikwama; hiyo ni ya mamlaka ya maji, wapigie.

Ukipata fundi, elewaneni mapema, mbele ya mtu mwingine wa nyumbani, bomba likikatikia ukutani nani anagharamia nini. Mwulize atang'oaje koki, na umsikilize kama atataja spana mbili na mafuta ya kulala usiku. Asipoyataja, mlipe nauli yake umshukuru. Na fanya mapema: minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi kila mtu anakumbuka kukarabati, mafundi wazuri wa hapa hawashikiki.